Mkuu wa shule ameshatangaza ndege itapita juu ya mgeni rasmi, na mimi bado naiangusha

*Shikamoo Mjomba,*

*Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata mkoani Singida, umri wangu miaka 31. Mwaka jana nilianzisha klabu ya kuunda ndege za rimoti na vijana wa kidato cha pili na cha tatu. Tulianza na za karatasi, tukaja za kurusha kwa mkono, sasa tunayo moja yenye mota. Bawa lina sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Tumeliunda kwa fomubodi, zile mbao laini za kubandikia picha na mabango, tukalikaza kwa ufito wa alumini ndani. Mota ni 2212, propela ya inchi 10, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu ya mAh 2200, sevo ndogo za gramu 9 (vimota vya kusogeza vibapa) na rimoti ya FlySky i6. Ikiwa imekamilika ina gramu 780. Tumeipima kwenye mizani ya maabara ya kemia.*

*Tabu ni kwamba hairuki. Ikitoka tu mkononi inainua pua, inapanda wima, inasimama hewani, bawa moja linalala, halafu inashuka inazunguka. Nikiisukuma pua chini kwa kijiti inapiga mbizi. Nikirudisha, inapanda tena kwa fujo zaidi. Tukadhani mota haina nguvu, tukabadilisha. Tukaongeza ukubwa wa mkia. Hali ni ileile. Siku moja tu ilikubali, ikazunguka uwanja wa mpira kwa utulivu mpaka wanafunzi wakaanza kuimba. Siku hiyo velkro ya betri ilikuwa imebanduka, tukaifunga betri kwa raba kule mbele, nyuma ya mota. Tulipopata velkro mpya tukairudisha mahali pake chini ya bawa, kwa sababu betri ikiwa hapo ndege inakaa sawa ukiibeba kwa vidole katikati ya bawa. Tangu hapo haijaruka tena.*

*Na hata siku hiyo, ilipogeuka ikawa inakuja upande wangu, kushoto na kulia vikanichanganya, ikaishia kwenye miiba ya mgunga.*

*Sasa Mjomba, mkuu wa shule aliiona siku ile ilipokubali. Wiki iliyopita nikaonyeshwa ratiba ya mahafali ya kidato cha nne: "Saa 6:15 mchana, ndege iliyoundwa na wanafunzi wetu kupita juu ya jukwaa kuu ikivuta bango la KARIBU MGENI RASMI." Mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya. Ratiba zimeshachapwa. Mkuu ndiye aliyetutafutia shilingi laki moja na nusu za vifaa, na ndiye peke yake aliyenisikiliza wakati walimu wenzangu wanasema nacheza na midoli. Ameniambia, "Mwalimu, usiniangushe." Ni mtu mzima, ananiheshimu. Kumwambia haiwezekani naona kama kumvunjia heshima.*

*Jambo jingine, sijui kama linahusika: betri moja imevimba tumbo kidogo lakini bado inafanya kazi. Huwa tunaziacha kwenye chaja ofisini usiku.*

*Nimebakiwa na mwezi mmoja. Nifanyeje ndege ikae sawa?*

*Mwalimu wa Fizikia, Singida*

---

Marahaba mpwa wangu.

Linahusika sana. Nitaanza na hiyo betri, kwa sababu ndege ikianguka utaokota vipande, lakini ofisi ya walimu ikiungua hakuna cha kuokota. Betri ya lipo ikivimba maana yake imeanza kuharibika ndani na kutoa gesi. Kwamba "bado inafanya kazi" si habari njema, maana ndiyo inayokutia moyo wa kuichaji tena. Leo hii itoe ofisini. Ipeleke nje mbali na majani makavu, iweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, iunganishe na balbu ya gari ya volti 12 ili imalize umeme wake hapohapo mpaka taa izime kabisa. Kisha funga ncha za waya kwa utepe wa umeme, kila mmoja peke yake, na isirudi tena kwenye ndege. Usiitoboe kuona kuna nini, na usimpe mwanafunzi aifungue.

Zile nzima zichajini mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, kamwe si juu ya meza ya mbao yenye madaftari ya kusahihisha. Kwa betri ya 2200 weka chaja kwenye ampea 2.2, na ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli iwe imechomekwa. Kila seli ikomee volti 4.2, na hewani msiishushe chini ya 3.5. Kama hamrushi wiki nzima, iacheni kwenye volti 3.8 kwa seli, yaani 11.4 kwa betri yote. Kuiweka imejaa pomoni kwa wiki kadhaa ni njia ya uhakika ya kuivimbisha.

Sasa ndege yenyewe. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua ukapita juu yake: iliruka siku ambayo betri ilikuwa mbele. Mota ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Umenieleza kwamba inakaa sawa ukiibeba katikati ya bawa. Bawa lako lina upana wa sentimita 20, kwa hiyo uzito wote unakutana sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Hapo ni nyuma mno. Ndege ya kawaida yenye bawa moja na mkia nyuma hutaka uzito ukutane kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukihesabu kutoka mbele. Kwako ni sentimita 5 hadi 6.5. Anza na 5.5.

Kwa nini jambo dogo hivyo liwe kubwa? Kila ndege ina nukta yake fulani. Uzito ukikaa mbele ya nukta hiyo, upepo ukiinua pua, mkia huirudisha chini bila rubani kufanya lolote. Uzito ukikaa nyuma yake, pua ikiinuka kidogo hewa huizidisha kuinuka, na ukiishusha kidogo huizidisha kushuka. Hapo unakuwa kama mtu anayesimamisha ufagio kwenye kiganja: unahangaika kushoto na kulia, na ukichelewa sekunde moja umekwisha. Ile kupanda wima, kusimama na kulaza bawa moja uliyoieleza ndiyo sura yake hasa. Inaposimama hewani bawa halina tena hewa ya kulibeba, na upande mmoja lazima utangulie kuanguka.

Mkia mkubwa mliouongeza ulikuwa na mantiki, nakupa haki yako. Mkia mkubwa unasogeza ile nukta nyuma, jambo ambalo lingewasaidia. Lakini nao una uzito, na mmeuweka mwisho kabisa wa fimbo, mahali ambapo kila gramu inavuta kwa nguvu. Mlichokipata kwa mkono wa kulia mkakipoteza kwa wa kushoto.

Waachie vijana wako wapige hesabu, ni swali zuri la momenti kuliko mengi ya kwenye vitabu. Ndege ina gramu 780, mnataka kusogeza kitovu cha uzito mbele kwa sentimita 4.5. Hiyo ni 3,510. Betri ya aina yenu huwa na gramu 180 hivi. Gawanyeni: betri inatakiwa isogee mbele karibu sentimita 20. Halafu pimeni kutoka pale velkro ilipo hadi pale raba ilipokuwa siku ile, mniambie kama ni bahati.

Ikishasogea, geuza ndege chini juu na uweke alama ya kalamu chini ya bawa, sentimita 5.5 kutoka ukingo wa mbele, upande huu na huu karibu na kiwiliwili. Igeuze tena, betri ikiwemo na kila kitu kimefungwa, uinyanyue kwa ncha ya kidole kimoja kila upande penye alama. Pua ilale chini kidogo tu. Ikilala sana, rudisha betri nyuma sentimita moja moja. Ndege yenye pua nzito huruka kizito ila inaruka. Yenye mkia mzito huruka mara moja tu, basi.

Kabla ya kuirusha rudisha kile kibapa cha mkia, elevata, kiwe sambamba kabisa na mkia. Naamini katika kupambana na ile hali mlikuwa mmekishusha, na sasa kikibaki hivyo kitaipigiza chini moja kwa moja. Punguza pia mwendo wake kwenye rimoti: sentimita moja juu na moja chini inakutosha. Kisha simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia, uone kibapa cha bawa la kulia kinapanda na cha kushoto kinashuka. Fanya hivyo kila safari, hata kama umefanya dakika tano zilizopita. Waya wa sevo ukichomekwa tundu siyo, utajulia hapo chini.

Na kijana anayeirusha kwa mkono mwambie asiirushe kwenda juu. Airushe mbele, usawa wa macho, ikitazamana na upepo. Kuirusha juu ni kuiibia mwendo katika sekunde inayouhitaji kuliko zote. Mara ya kwanza mota iwe imezimwa, kwenye majani marefu, muone inavyoteleza. Ikiteleza ikatua mbele huko bila kupanda na kushuka, washeni mota.

Muda wa kufanya haya ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Sina haja ya kumfundisha mtu wa Singida habari za upepo.

Kuhusu kuchanganyikiwa ikija upande wako: kila mtu humpata. Ukiwa unaitazama kwa nyuma, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka ikakutazama, vinapinduka. Usijaribu kufikiria "kulia kwake ni kushoto kwangu", hutawahi. Tazama bawa lililolala, kisha sukuma kijiti upande uleule lilipolalia, kana kwamba unalitilia nguzo chini. Bawa litainuka. Hilo linafanya kazi ikiwa inakuja tu, na linatosha, kwa sababu ikikupa mgongo mkono wako unajua. Pakua PicaSim kwenye simu, ni mchezo wa kurusha ndege hizi, na ile i6 yako unaweza kuiunganisha kwenye kompyuta ya shule kwa kebo ya simuleta. Jioni chache za kuangusha ndege isiyo na gharama zitakuokolea fomubodi nyingi. Waweke na vijana wako, wao watakupita haraka, usione vibaya.

Kwa hiyo ndani ya wiki moja, pengine mbili, mtakuwa na ndege inayoruka. Na hata hivyo nakwambia usiirushe kwenye mahafali.

Mwezi mmoja unatosha kabisa kuitengeneza ndege. Rubani ndiye ambaye hautamtosha. Wewe umewahi kuiongoza ndege yako vizuri siku moja, ikaishia kwenye mgunga. Sasa unaombwa uiongoze saa sita mchana, jua likiwa kichwani na upepo wa Singida umeshaamka, ikivuta bango ambalo halijawahi kujaribiwa, juu ya wazazi, wanafunzi na mkuu wa wilaya. Bango peke yake ni kesi. Linavuta nyuma, linapunguza mwendo, na ndege isiyo na mwendo umeshaona inafanya nini.

Piga hesabu nyingine. Gramu 780, mwendo wa mita 15 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwa ndege kama yenu. Nusu ya uzito mara mraba wa mwendo: karibu jouli 88. Ni sawasawa na kuachia jiwe la kilo moja kutoka urefu wa mita 9 juu ya kichwa cha mtu. Tena jiwe hilo halina mbele yake propela inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Tarehe 9 Desemba 1979, kwenye uwanja wa Shea jijini New York, wakati wa mapumziko ya mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Jets na Patriots, watu walionyeshwa ndege za rimoti. Mojawapo, kubwa kuliko yenu kwa mbali, ilikuwa imeundwa kwa umbo la mashine ya kukatia nyasi. Iliingia kwenye mashabiki. Wawili waliumia, na mmoja wao alifariki siku chache baadaye. Aliyekuwa ameshika rimoti hakuwa mwanafunzi.

Tena kuna sheria. Chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani yake kwetu Tanzania ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli kwenye vibali. Sasa fikiria kitu kinachoruka kuelekea jukwaa alilokaa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na askari wake wamesimama pembeni. Wakiuliza nani ametoa kibali, mkuu wa shule atamtazama nani?

Na hapo ndipo penye mlango wako wa kuingilia. Unaogopa kumvunjia heshima. Mpwa wangu, utamvunjia heshima ukinyamaza mpaka saa 6:15. Nenda ofisini kwake wiki hii, asubuhi kabla hajachoka, umsalimie, umshukuru kwa ile laki na nusu kwa sababu kweli anastahili, halafu useme hivi: "Mzee, nimekuja kukulinda wewe na shule. Ndege yetu sasa naweza kuifanya iruke. Ila kuirusha juu ya wageni kunahitaji kibali ambacho hatuna, na likitokea la kutokea, barua itakuja kwako. Naomba niionyeshe kwa namna nyingine ambayo Mheshimiwa ataikumbuka zaidi." Usiende na tatizo mikono mitupu. Mtu mzima ukimpelekea tatizo pamoja na njia ya kutokea, ataichukua njia.

Njia yenyewe ni hii. Alfajiri moja, ndege ikiwa imekubali, mwanafunzi airekodi kwa simu ikiruka juu ya uwanja mtupu. Dakika mbili, zisizidi. Siku ya mahafali video ionyeshwe kwenye projekta au televisheni ya kukodi, ndege yenyewe ikiwa juu ya meza mbele ya jukwaa, propela imeng'olewa. Usiniambie mota imezimwa. Nataka propela iwe mfukoni mwako. Kisha mpe Mheshimiwa rimoti mkononi. Asukume kijiti mwenyewe aone mkia unapanda na kushuka, vibapa vya bawa vinapishana, na msichana wa kidato cha pili pembeni yake anamweleza kwa nini. Wapiga picha watakimbilia hapo wote. Hakuna ndege ya juu, yenye ukubwa wa kunguru kwenye picha ya simu, itakayompa mkuu wako picha kama hiyo ya kutundika ofisini.

Ratiba zilizochapwa zisikusumbue. Mshereheshaji atasema "na sasa ni maonyesho ya ndege ya wanafunzi wetu", na watu watapiga makofi. Sijawahi kuona mzazi anasoma ratiba ya mahafali kwa kidole.

Wale walimu wenzako wanaosema midoli, bandikeni habari hii kwenye ubao karibu na meza. Agosti 2003 mzee Mmarekani aitwaye Maynard Hill, akiwa na miaka 77, macho yake yameshafifia kiasi cha kuhesabiwa kipofu kisheria, alivusha ndege ya modeli bahari ya Atlantiki. Iliondoka Newfoundland, Kanada, ikatua Ireland baada ya karibu saa 39, zaidi ya kilometa 3,000. Pamoja na mafuta yake haikufika kilo 5. Baharini ilijiongoza kwa GPS, binadamu waliishika mwanzo na mwisho tu. Jina lake lilikuwa TAM-5, na ukiuliza moja hadi nne ziko wapi, utaelewa kwa nini hakuanza kwa kualika mgeni rasmi.

Baada ya mahafali, klabu yako iandike barua kwa TCAA kueleza mnachounda, uzito wake, na uwanja mnaotaka kurushia, kisha iulize kinachotakiwa ili mwendelee kihalali. Taja pia umbali kutoka kiwanja cha ndege cha Singida, watauliza. Barua ipitie kwa mkuu wa shule na saini iwe yake. Ndege ni ya shule yake, na atapenda kuonekana ndiye aliyeanzisha jambo.